Simama, lakini kwa akili

Ndugu uliyeuliza kama usimame au upite ukikuta ajali, kwa kuogopa usumbufu wa polisi: simama. Ila egesha mbele, mbali kidogo na pembeni, washa taa za hazadi na uweke pembetatu ya tahadhari nyuma ya eneo la ajali, maana malori ya usiku hayana breki za ghafla. Hapa Tanzania, piga 112, namba ya dharura ya polisi. Kama kuna moto au mtu amenasa, Zimamoto ni 114.

Kinachoniuma ni watu kumvuta majeruhi mkono na mguu, kumtupa nyuma ya pikapu. Shingo au uti wa mgongo ukiwa umevunjika, hapo ndipo unaweza kumpoozesha maisha. Kama hakuna moto wala hatari nyingine, mwache alipo, mshikie kichwa kisicheze, ongea naye. Dereva wa boda usimvue helmeti, labda awe hapumui. Damu ikichuruzika, kandamiza kwa nguvu na khanga au shati safi, usiachie kila dakika kuchungulia. Maji ya kunywa usimpe, hata akiomba, kwani huenda akahitaji upasuaji.

PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, isikutishe. Mahututi atibiwe kwanza, fomu itafuata. Wewe toa maelezo ya ulichokiona tu.

Lori la mafuta likipinduka, hilo ni suala jingine: kaa mbali, zuia na wenzako. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lililopinduka lililipuka, tukazika watu zaidi ya 100.