Iulize kompyuta kabla hujanunua kifaa

Mama mmoja mwenye duka la kanga hapa Ngamiani, Tanga, aliniletea kompyuta mpakato ya mtumba iliyokuwa ikiganda kila akifungua mahesabu ya duka. Ilikuwa na Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows. Kwenye terminal, dirisha la kuandikia amri, nikaandika `free -h`, nikaona safu ya "free" (iliyo tupu) ina megabaiti 180 tu. Nikamwambia RAM, kumbukumbu ya muda ambamo programu hufanyia kazi, imejaa. Akatoa pesa, nikamwongezea. Siku ya tatu akarudi: "Mwanangu, mbona bado inaganda?"

Swali lile liliniuma, maana pesa ilikuwa yake na kosa langu. Safu ya kutazama ni "available" (inayoweza kutumika). Linux haiachi RAM ikae bure: nafasi iliyobaki huwekwa mafaili yaliyosomwa karibuni, na programu ikiihitaji inaachiwa hapo hapo. Safu hiyo ilionyesha zaidi ya gigabaiti mbili, nami sikuitazama.

Tatizo lilikuwa diski. Andika `lsblk -d -o NAME,SIZE,ROTA,MODEL` upate jina lake. ROTA ikiwa 1 ni diski ya kuzunguka, 0 ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka. Kisha sakinisha smartmontools, programu ya kupima afya ya diski, uandike `sudo smartctl -a /dev/sda`, au jina lolote ulilolipata. Humo diski hujieleza yenyewe. Ya mama yule ilikuwa na Power_On_Hours (saa za kuwaka) 41,000, yaani zaidi ya miaka minne na nusu ya kuwaka, naye aliuziwa kwa maneno ya "imetumika kidogo tu." Current_Pending_Sector ilisoma 40: sehemu 40 ambazo diski inashindwa kuzisoma, inarudia na kurudia, na mashine nzima inaisubiri.

Ukikuta namba hiyo si sifuri, acha uchunguzi mwingine wote, nakili kwanza mafaili ya mwenye mali. Sisi tuliokoa mahesabu yote isipokuwa folda moja ya picha.

Kuhusu RAM, `sudo dmidecode -t memory` itakuambia nafasi ziko ngapi, ipi tupu, na kama RAM ni ya aina ya DDR3 au DDR4, hata bisibisi hujashika. Mwishoni mwa kila amri ongeza `| tee -a ripoti.txt` ili majibu yabaki kwenye faili la ripoti. Na ukienda kununua mtumba, beba flashi yenye Linux, uombe kuiwasha mbele ya muuzaji.

Yule mama nilimrudishia pesa ya RAM. SSD aliyonunua baadaye, alinunua baada ya kuisoma ripoti pamoja nami, mstari kwa mstari, pale pale kaunta.