Sarafu, kadi na glasi: kwa nini ukivuta taratibu sarafu inaondoka na kadi?

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha pili, wamefundishwa kanuni ya kwanza ya Newton, basi jana usiku tukafanya lile jaribio la kadi juu ya glasi na sarafu juu ya kadi. Ukiipiga kadi kwa kidole sarafu inatumbukia kwenye glasi, ila ukiivuta kadi polepole sarafu nayo inaondoka na kadi. Akaniuliza, "mama, kwani nguvu ya inesha inafanya kazi kwa vitu vya haraka tu?" Nikakosa jibu. Halafu akaongeza, Newton kasema kitu kikishaanza kwenda kinaendelea, mbona mpira ukiusukuma hapa sebuleni unasimama wenyewe? Naomba unisaidie, na kama kuna majaribio mengine ya nyumbani yasiyohitaji vifaa vya maabara nitashukuru sana.

JIBU: Nzuri mama. Kwanza mpongeze sana binti yako, manake hilo jaribio la sarafu linafanyika kila mahali na watoto wengi wanatoka pale na wazo hilohilo, kwamba ukienda haraka inesha ipo, ukienda taratibu haipo. Sio hivyo. Inesha ya sarafu ni ileile muda wote, uipige kadi, uivute taratibu, au uiache mezani usiiguse kabisa. Kinachobadilika ni muda ambao msuguano unaupata wa kuifanyia kazi ile sarafu.

Na inesha sio nguvu. Haivuti wala haisukumi. Ni tabia ya kitu kung'ang'ania hali yake, kama kimetulia kinabaki kimetulia, kama kinakwenda kinaendelea na spidi ileile kwenye mstari ulionyooka, mpaka kije kitu kingine kukisukuma au kukivuta. Ukiwa umesimama kwenye daladala dereva akakanyaga breki ghafla unaona kama umesukumwa mbele, lakini hakuna kilichokusukuma. Miguu imeshikwa na sakafu ya gari ambayo inapunguza mwendo, kiwiliwili kilikuwa kinakwenda na spidi ya gari na bado kinakwenda nayo, basi. Bomba unaloshika juu ndo linaloleta nguvu, na linakuvuta kurudi nyuma.

Sasa turudi kwenye glasi. Kadi inapochomoka, msuguano kati ya kadi na sarafu upo, na unaivuta sarafu kuelekea kadi inakokwenda. Msuguano huo una kikomo chake. Tuseme kadi ya kawaida na sarafu ya chuma, msuguano unaweza kuiongezea sarafu mwendo kwa kama mita 3 kwa sekunde kila sekunde, isizidi hapo sana. Ukiipiga kadi vizuri ikaenda kwa mita 2 kwa sekunde, na ili itoke kabisa chini ya sarafu inatakiwa isogee kama sentimita 5, basi sarafu imeguswa kwa sekunde 0.025 tu. Fanya hesabu: katika muda huo sarafu imepata spidi ya sentimita 7 na nusu kwa sekunde na imesogea kama milimita moja. Ndo maana jicho linaona haijasogea. Imesogea! Na wakati inaanguka bado ina ile spidi ndogo iliyopewa, kwa hiyo kwenye glasi ya kina cha sentimita 10 inafika chini ikiwa imehama zaidi ya sentimita moja kutoka katikati, kuelekea upande kadi ilikokimbilia. Mdomo wa glasi ni mpana, inaingia tu.

Hili mnaweza kuliona kwa macho yenu. Kama simu yako ina slomo ya picha 240 kwa sekunde, weka simu usawa wa mdomo wa glasi, washa taa ya kutosha, rekodi. Sekunde 0.025 zitakuwa picha kama sita, mtaona sarafu inavyoburutwa kidogo kabla kadi haijatoka. Video ya kawaida ya picha 30 haitakamata kitu, manake tukio lote linaisha kabla picha ya pili haijapigwa.

Ukiivuta kadi polepole, mwendo wa kadi unaongezeka kidogokidogo, chini ya ile mita 3 kwa sekunde kila sekunde, kwa hiyo msuguano unamudu kabisa kuiongezea sarafu mwendo huohuo na vinaondoka pamoja. Inesha haijapotea hapo, ni kwamba sarafu imeombwa ibadilishe mwendo wake kidogo tu na msuguano ulitosha kuibadilisha.

Kuna ushauri utausikia sana, kwamba tumia sarafu nzito ndo jaribio linakubali vizuri kwa sababu ina inesha kubwa. Sikubaliani nao. Sarafu ikiwa nzito mara mbili, ni kweli ina inesha mara mbili, lakini inaikandamiza kadi mara mbili pia, msuguano nao unakuwa mara mbili, mwisho wa siku inasogea milimita ileile. Kinachosaidia ni kadi laini, kadi kavu, na kidole chenye kasi. Kama kadi imechakaa ikawa na nyuzinyuzi au ina unyevu, sarafu itakuwa inaanguka nje kila mara na mtoto ataona Newton ni mwongo.

Jaribio ninalolipenda kuliko hilo ni la jiwe na uzi, kwa sababu linajibu swali la binti yako moja kwa moja, haraka na taratibu ndani ya kifaa kimoja. Tafuta jiwe la kama nusu kilo, lifunge kwa kamba imara kwa msalaba kama mnavyofunga kifurushi. Chukua uzi wa kushonea, ule mwembamba, kata vipande viwili kutoka rola moja. Kimoja kifunge juu ya jiwe ulining'inize mahali imara, kingine kifunge chini ya jiwe kiwe kinaning'inia na mwisho wake fungia kijiti cha kushikia, usijizungushie uzi kidoleni, unakata. Hapo chini weka mto au beseni la mchanga na miguu ikae mbali.

Kabla ya kuvuta, muulize akisie: uzi upi utakatika?

Ukivuta wa chini taratibu unaongeza nguvu pole pole, unakatika wa juu. Sababu ni rahisi, wa juu umebeba mvuto wako pamoja na uzito wa jiwe, ambao kwa nusu kilo ni karibu nyutoni 5 (nyutoni ni kipimo cha nguvu), wakati wa chini umebeba mvuto wako peke yake. Wa juu ndo unafika kikomo mwanzo. Rudisha uzi mpya, sasa shtua kwa nguvu, vuta ghafla. Unakatika wa chini, na jiwe linabaki linaning'inia palepale kama halijui kilichotokea. Ili uzi wa juu ukatike lazima kwanza uvutike urefuke kidogo, na hauwezi kurefuka mpaka jiwe lishuke kidogo, na jiwe la nusu kilo haliwezi kushuka mara moja, linahitaji muda. Uzi wa chini umeshakatika zamani kabla jiwe halijashuka vya kutosha. Nyuzi ni zilezile, jiwe lilelile, inesha ileile, tofauti ni muda tu. Mtoto akilielewa hili la jiwe, la sarafu atalieleza mwenyewe bila msaada.

Sasa mpira wa sebuleni. Hapa binti yako anauliza kitu ambacho watu waliamini kinyume chake kwa karibu miaka elfu mbili, kuanzia Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwamba kitu kikiachwa chenyewe mwendo wake wa asili ni kusimama. Na ukiangalia mkokoteni, ukiacha kusukuma unasimama, kwa hiyo hawakuwa wajinga. Aliyelipangua hasa ni Galileo, mwanasayansi wa Italia, na unaweza kurudia hoja yake nyumbani. Chukua ule mfereji wa plastiki mafundi umeme wanaoupitishia waya ukutani, au kipande chochote kirefu chenye kijia katikati, ukunje taratibu uwe kama bonde, upande mmoja ushuke na mwingine uinuke. Achia gololi kutoka upande mmoja kwa urefu wa sentimita 20. Itashuka, itapanda upande wa pili, itafika karibu urefu uleule, pungufu kidogo kwa ajili ya msuguano. Sasa laza upande wa pili kidogo, uinuke kwa mteremko mdogo zaidi. Gololi bado inatafuta kufika ule urefu, kwa hiyo inalazimika kwenda mbali zaidi. Laza tena, inaenda mbali zaidi tena. Muulize: na nikiulaza kabisa ukawa sawa na sakafu, gololi itasimama wapi? Hapo mwache afikirie, usimpe jibu. Galileo alichapisha hoja hii 1638, Newton akaja kuiweka kama kanuni ya kwanza 1687.

Kwa hiyo mpira wa sebuleni hausimami wenyewe, unasimamishwa. Zulia, hewa, na mpira wenyewe unaobonyea unapobingirika vyote vinaula mwendo. Chukua gololi moja na mteremko mmoja (kitabu na rula vinatosha), iachie urefu uleule kila mara, kwanza iishie kwenye taulo, halafu kwenye sakafu ya sementi, halafu kwenye tailizi, pima kila mara imefika wapi. Hakuna aliyeisukuma zaidi kwenye tailizi, ni kwamba kumepungua kinachoizuia.

Mengine nitapita haraka. Yai: chukua la kuchemsha na bichi, zungusha kila moja kwenye sahani, liguse kwa kidole lisimame kisha achia hapohapo. La kuchemsha linatulia, bichi linaanza kuzunguka tena lenyewe, manake ulisimamisha ganda lakini ute na kiini vilikuwa bado vinazunguka ndani. Vizibo vya soda: panga kama saba mnara, juu ya meza laini, piga cha chini kabisa kwa kizibo kingine kwa kukitelezesha, kinatoka na mnara unashuka wima. Kitambaa cha meza na vyombo juu yake mimi huwa sishauri kuanzia hapo, ila wakitaka, kitambaa kisiwe na pindo upande unaotoka mwisho chini ya vyombo, vyombo viwe vya plastiki, na uvute kuelekea chini ya ukingo wa meza, sio juu.

Safarini pia kuna moja nzuri, jaza chupa maji ubakishe kiputo kidogo cha hewa, ilaze kuelekea gari linakokwenda. Gari likiondoka kiputo kinakimbia mbele, likifunga breki kinarudi nyuma, kinyume na abiria wote. Maji yana tungamo (kiasi cha maada) kubwa kuliko hewa ya ujazo huohuo, yanabaki nyuma gari linapoondoka na yanakisukuma kiputo mbele.

Nimemwachia mwisho la tungamo, kwa sababu kwenye sarafu nilisema uzito hausaidii na nataka aone unakosaidia. Chukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, moja jaza maji mpaka juu, nyingine tupu, zifunge vifuniko. Zining'inize kwenye kamba ndefu zenye urefu sawa, kwenye tawi la mwembe au boriti, kamba ndefu ndo nzuri zaidi. Kamba imeshabeba uzito wote, kwa hiyo ukisukuma kwa ubavu hunyanyui kitu, unachokisikia kwenye kidole mwanzoni ni inesha tupu. Mfunge kitambaa machoni, badilisha nafasi za chupa, mwambie asukume kila moja kwa kidole kimoja, kidogo tu, na aseme ipi ina maji. Atajua papo hapo, tupu inakimbia na yenye maji inagoma, kama kilo moja na nusu dhidi ya makumi machache ya gramu za plastiki. Halafu mfungue macho, zisukume zote zibembee, azisimamishe. Tupu ataisimamisha kwa kidole, yenye maji aipokee kwa kiganja na mkono ukunjike kidogo, na chupa isiwe usawa wa uso wake.