Kadi tatu za baba na makato yasiyo na saini

SWALI: Shikamoo wakili. Marehemu baba aliajiriwa kwenye kiwanda cha nguo Dar es Salaam mwaka 1969, akafanya kazi hapo hadi kustaafu. Sandukuni mwake tumekuta kadi tatu: ya NUTA, ya JUWATA na ya OTTU. Je, alihama vyama? Nauliza kwa sababu nami niko kiwandani, Morogoro, na kila mwezi nakatwa fedha za chama cha wafanyakazi ilhali sijawahi kujaza fomu yoyote. Ofisi ya utumishi inasema ndivyo ilivyo tangu enzi za Mwalimu. Ni kweli? Naweza kusimamisha?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na poleni kwa msiba. Baba yako hakuhama hata mara moja. Bunge ndilo lililokuwa likikibadilisha chama, yeye akipewa kadi mpya. Na hao wa ofisi ya utumishi wamesema kweli kuhusu enzi za Mwalimu, ila utaratibu walioutaja si sheria ya leo. Nitaanza na hizo kadi, maana makato yako yana asili humo humo.

Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma Septemba 1947, na mgomo ukaifuata reli hadi bara. Wakaunda chama chao. Mgomo wa 1950 ulipozaa vurugu, serikali ya kikoloni ikakivunja. Mwaka 1955 Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Kenya, alikuja kutoka huko kuwatia moyo viongozi wa hapa, na mwaka huo huo ikazaliwa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu wake. Wakati huo mchango kwa kawaida ulikusanywa mkononi. Mwanachama asiporidhika na katibu, hatoi. Kwa nguvu hiyo wafanyakazi wa mkonge wa Mazinde waliweza kugoma zaidi ya miezi miwili, na wa reli, wakiongozwa na Kasanga Tumbo, wakagoma karibu miezi mitatu mwaka 1960.

TFL na TANU walidai uhuru bega kwa bega. Uhuru ulipopatikana wakaanza kuvutana. Tumbo, pamoja na Victor Mkello wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, walitaka shirikisho lijitegemee na Waafrika wapewe madaraka kazini haraka. Michael Kamaliza alikuwa karibu zaidi na serikali, akaingia Baraza la Mawaziri kushika wizara ya kazi. Januari 1962 Kawawa, yule yule katibu mkuu wa kwanza, akawa Waziri Mkuu, na mwaka huo zikapitishwa sheria zilizoufanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani: mgogoro ulilazimika kupitia mlolongo wa usuluhishi chini ya wizara kwanza. Tumbo alipelekwa London kuwa balozi, akajiuzulu, akaunda chama cha upinzani, kisha akakimbilia Kenya. Mkello akahamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali mwaka 1963.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Baada ya askari wa Uingereza kuwazima, zaidi ya watu 200 walikamatwa, wengi wao viongozi wa vyama vya wafanyakazi, kwa tuhuma za kutaka kuutumia uasi ule. TFL ikavunjwa. Badala yake Bunge likaunda NUTA, chama kimoja kwa wafanyakazi wote, kilichofungamanishwa na TANU. Katibu mkuu na naibu wake waliteuliwa na Rais, na wa kwanza kuteuliwa alikuwa Kamaliza, huku akibaki waziri wa kazi. Hiyo ndiyo kadi ya kwanza ya baba yako.

Siamini kwamba serikali ilidhamiria kumuumiza mfanyakazi. Mwaka huo huo wa 1964 ilipitishwa sheria ya kulinda ajira, iliyomzuia mwajiri kumfukuza mtu kwa hasira za asubuhi na kuweka kamati za wafanyakazi viwandani. NPF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi na mama wa NSSF ya leo, nayo ni ya mwaka huo. Kilichopotea ni kingine. Mchango ulikatwa kwenye mshahara kabla mtu hajauona, na mkubwa wa chama alitoka Ikulu. Kiongozi hakuwa tena na sababu ya kumwogopa mwanachama wake, na kwa maoni yangu hilo liliwaumiza wafanyakazi kuliko kunyimwa mgomo.

Ushahidi ulikuja miaka ya 1970. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakataza viongozi kiburi, dharau na uonevu. Wafanyakazi wakauchukua kwa maneno yake. Wakawafungia nje mameneja, wakasimamisha mashine, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wakakitwaa kiwanda na kukiendesha wenyewe. Migomo ile haikuitishwa na NUTA. Watu walikuwa na chama wanachokichangia kila mwezi, lakini siku ya shida waligoma bila chama hicho. Baba yako alikuwa kiwandani siku zile. Kama kuna mzee mwenzake aliye hai, muulize, utasikia mengi.

Baada ya CCM kuzaliwa 1977, NUTA ikageuzwa JUWATA, moja ya jumuiya za chama hicho. Mwaka 1991, upepo wa vyama vingi ukianza kuvuma, ikaja OTTU, nje ya CCM lakini bado moja tu kwa sheria. Mwaka 1995 vikachipuka humo vyama vya kisekta kama TUICO cha viwanda na biashara. Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 1998, iliyoanza kutumika Julai 2000, ikafunga enzi ya chama kimoja, kisha ikaja TUCTA, shirikisho la hiari.

Sasa makato yako. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya 2004, kinamtaka mwajiri akate ada ya uanachama pale tu wewe mwenyewe umemwidhinisha kwa fomu maalumu. Ukibadili nia, unatoa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Bila saini yako hakuna ada ya uanachama.

Usikimbilie kushtaki bado. Kifungu cha 72 kinaruhusu ada ya uwakala. Chama chenye wanachama wengi zaidi ya nusu ya wafanyakazi hapo kazini, kikitambuliwa na mwajiri, kinaweza kukubaliana naye kwamba wasio wanachama nao wachangie, kwa kuwa nao wanafaidi mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi. Ada hiyo haiwezi kuzidi ya mwanachama, huwekwa kwenye akaunti ya pekee, ni ya maslahi ya wafanyakazi wa eneo lile tu, na ni marufuku kupewa chama cha siasa. Wala haikufanyi uwe mwanachama.

Kwa hiyo andika barua kwa mwajiri, nakala kwa katibu wa tawi, uombe kimoja kati ya viwili: fomu yenye saini yako, au nakala ya makubaliano ya ada ya uwakala. Ambatisha hati ya mshahara inayoonyesha makato. Barua ipokelewe kwa mhuri, nawe ubaki na nakala. Wakikosa vyote viwili, fungua mgogoro CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ya Morogoro, na udai urejeshewe kilichokatwa. Makubaliano yakiwepo, dai uonyeshwe hesabu za ile akaunti ya pekee.

Kadi za mzee zitunzeni, na kama kuna barua za kamati ya wafanyakazi humo sandukuni, zitunzeni pia.