Muulize Mwalimu: Nani aliwamaliza konokono wa Tahiti?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nalima mchicha na mipapai hapa Muheza. Masika hii konokono wakubwa wamenitia hasara: miche naipanda jioni, asubuhi nakuta vijiti vitupu. Mwanangu kasoma kwenye simu kwamba konokono hawa hawa wa kwetu walifika kisiwa cha Tahiti, kule Bahari ya Pasifiki, wakawamaliza konokono wa huko wanaoishi mitini. Jirani yangu naye anasema yupo konokono mla konokono, na nikimpata huyo nitapumzika. Lipi la kweli?
Mkulima, Muheza

JIBU: Marahaba. Mwanao amesoma nusu ya habari. Jirani usimsikilize kabisa.

Konokono anayekutia hasara, Lissachatina fulica, asili yake ni pwani yetu ya Afrika Mashariki. Watu wamemtembeza dunia nzima, wengine kwa kitoweo, wengine bila kujua, ndani ya mizigo ya mimea. Mwaka 1847 alifikishwa India, Hawaii akafika 1936, Tahiti 1967. Huko alikula bustani za watu kama anavyokula yako. Ila konokono wa mitini hakuwagusa.

Hao ni wa jenasi (kundi la spishi zilizo ndugu) ya Partula. Ni wadogo, wengi hawazidi sentimita mbili, na magamba yao ni ya kahawia, manjano, meupe, mengine yana mistari. Mchana hulala wameganda chini ya majani; usiku hutoka kula ukungu na majani yanayooza. Hawatagi: mama huzaa mtoto mmoja mmoja, tayari ana kigamba chake, kisha hukaa wiki kadhaa kabla ya kuzaa mwingine. Konokono wako wa Muheza hutaga mayai 100, 200, hata zaidi kwa mkupuo mmoja. Nilipokuwa nafundisha baiolojia nilipenda kuwaachia wanafunzi hesabu hiyo ubaoni: mkiwapelekea wote wawili adui mmoja, nani ataisha kwanza?

Maofisa wa kilimo wa huko hawakupiga hesabu hiyo. Ili kumkomesha konokono wetu, mwaka 1974 walimwachia Tahiti mla nyama aitwaye Euglandina rosea, mwenyeji wa Florida na maeneo jirani, na 1977 wakamwachia kisiwa cha pili, Moorea. Ndiye huyo wa jirani yako. Huwinda kwa kufuata ute: akiukuta njiani, huuandama mpaka kwa mwenyewe, hata juu ya mti. Wadogo huwameza wazimawazima. Sasa jiulize, mwindaji wa namna hiyo ataanza na jitu lenye gamba la sentimita kumi na zaidi, au na kale kadogo kalikolala chini ya jani? Kufikia 1987 watafiti hawakumwona tena Partula hata mmoja katika misitu ya Moorea. Na alichofanya huko alikuwa amekwisha kukianza Hawaii, alikoachiwa mwaka 1955.

Kwa hiyo wa kwetu ana kesi ya kuharibu mashamba. Ya mauaji ni ya dawa iliyoletwa kumtibu.

Wewe hasa ndiye wa kumwogopa mla nyama huyo, maana Muheza iko chini ya Usambara Mashariki. Misitu ya kule Amani ina konokono wadogo wasiopatikana pengine popote duniani. Ukimwachia, hatabaki kwenye tuta lako la mchicha. Hata walaji wa konokono tunao wa kwetu: mmoja, Gonaxis kibweziensis, jina lake limetokana na Kibwezi ya Kenya, na miaka ya 1950 alichukuliwa akapelekwa Hawaii kwa kazi hiyo hiyo.

Ufanye nini? Toka na tochi usiku mvua ikikatika, uwaokote kwa glavu au mfuko wa plastiki, maana hubeba minyoo inayoweza kumdhuru mtu. Watumbukize kwenye ndoo ya maji ya chumvi kali. Fukua chini ya magogo na matandazo; mayai yao ni meupe kuelekea manjano, yamerundikana pamoja, yaponde. Majivu kuzunguka kitalu husaidia siku za kiangazi, mvua ikinyesha ni bure. Bata hula wale wadogo, lakini mchicha nao hawauachi.

SWALI: Mwalimu, hao Partula wameisha kabisa, au wapo waliopona?
Mwanafunzi, Malindi

JIBU: Baadhi ya spishi zimeisha kabisa. Wa mwisho wa Partula turgida alifia bustani ya wanyama ya London mwaka 1996. Wengine waliokolewa mapema wakazalishwa kwenye bustani za namna hiyo, na tangu 2015 wanarudishwa visiwani, kila mmoja akiwa na nukta ya rangi nyekundu kwenye gamba. Mwaka 2024 huko Moorea walipatikana Partula tohiveana wakubwa wasio na nukta, yaani wamezaliwa msituni. Tahiti nayo bado ina Partula hyalina ambaye hakuisha msituni: gamba lake ni jeupe, linarudisha mwanga, hivyo huvumilia kukaa pembezoni mwa msitu kwenye jua. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza jinsi walivyobandika kompyuta ndogo mno kwenye magamba ya Euglandina kupima mwanga anaoupata. Jua hilo hawezi kulistahimili.