Shangazi, nikizaa nitakuwa nimemkosea mtoto?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, naishi Mwanza, nimeolewa huu mwaka wa tatu. Mimi na mume wangu tumepima damu na wote ni AS, yaani kila mmoja anabeba S moja, chembe ya kurithi ya selimundu, bila kuugua. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, akafariki akiwa na miaka 17. Nimekua nikimsikia akilia usiku, mama akimkanda miguu kwa maji ya moto hadi adhana ya alfajiri. Siku moja alimwambia mama, "Kwa nini ulinizaa?" Raha nazo alikuwa nazo, alipenda kutangaza mpira wa mtaani kwa kopo la maziwa. Mama mkwe anasema kila mtoto huja na riziki yake, na kwamba daktari kasema mmoja kati ya wanne, kwa hiyo tutapata watatu wazima kwanza. Mume wangu anasema niamue mimi. Lakini Shangazi, hata ukiuacha ugonjwa, nikiitazama dunia naona mateso yanaishinda furaha. Ni haki kumleta mtu hapa bila kumuuliza?*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mdogo wako. Najua ni miaka imepita, lakini pole hiyo naona hukupewa ya kutosha.

Nianze na mama mkwe, maana hesabu yake ina hatari. Mmoja kati ya wanne maana yake si kwamba watatu wazima wanatangulia na mgonjwa anasubiri zamu. Kila mimba inaanza upya. Mtoto wa kwanza anaweza kuwa SS, yaani amerithi S kwa wazazi wote wawili na ana selimundu, na wa pili, na wa tatu. Wanaweza pia kupita wote salama. Mkizaa wanne, uwezekano wa kupata angalau mmoja mwenye selimundu ni kama 68 katika 100. Mkizaa mmoja, ni 25. Kwa hiyo idadi ya watoto ni uamuzi wenyewe, na mwambie mume wako hivyo leo usiku.

Na hilo la riziki: riziki ya mtoto wa selimundu inahitaji dawa kila siku na damu salama siku ambayo benki ya damu imekauka. Mama yako analijua hilo kuliko wote wanaokuhubiria.

Sasa swali lako kubwa. Wewe si wa kwanza kuliuliza. Abul Alaa al-Maarri, mshairi kipofu wa Shamu (Syria ya leo) aliyefariki mwaka 1057, hakuoa wala hakuzaa, na inasimuliwa kuwa aliusia kaburini kwake paandikwe kwamba maisha ni kosa alilotendewa na baba yake, naye hakumtendea mtu. Ukiifuata hoja hiyo utaona ina nguvu: aliyezaliwa ataumia kwa hakika, na asiyezaliwa hakosi kitu, kwa sababu hayupo wa kukosa. Hakuna mtoto aliyesimama nje ya mlango wako analia afunguliwe.

Sitaivunja hoja hiyo, mwanangu, na sitajifanya nimeivunja. Naichukua na kukupa sehemu yake inayokufaa. Kama hakuna anayesubiri mlangoni, basi ukiamua kutozaa hujamnyima mtu yeyote. Humdai mtu, hudaiwi na mtu: si mama mkwe, si ukoo, si mtoto wa kufikirika. Waliokuambia mwanamke asiyezaa ameiba kitu, hawakukuonyesha mwenye mali.

Lakini al-Maarri aliandika juu ya kaburi lake mwenyewe. Hapo ndipo ninapoachana nawe kidogo. Yeye alipima maisha yake, na ilikuwa haki yake. Wewe unapima ya mtu mwingine. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hujui pia usingizi wake.

Nikuambie la kwangu. Nilizaa wanne. Wa tatu alifariki mwaka 1988, malaria ya siku tatu, akiwa na miaka minne. Watu huniuliza kama najuta kumzaa, nami husema hapana, na ninamaanisha. Lakini ilinichukua miaka kukiri kwamba jibu hilo ni la mama. Mimi nilifaidi miaka minne ya kicheko chake. Aliyetetemeka zile siku tatu ni yeye. Furaha yangu haiwezi kulipia homa yake, na mzazi anayesema "amenipa furaha nyingi" bado hajajibu ulichouliza wewe. Ndiyo maana sikuletei furaha za mama kama ushahidi.

Na kuna kitu nimekifikiria sana tangu barua yako ifike. Damu uliyonayo wewe, ile S moja unayoiona kama sumu, humkinga mtoto na malaria kali. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi wake baada ya kupima damu za watu huku kwetu Afrika Mashariki. Ndiyo sababu wabebaji ni wengi hivi ukanda wa ziwa: mahali penye mbu wengi, AS ndio waliovuka utotoni. Huenda bibi yako wa mbali aliishi kwa sababu ya kitu hicho hicho kilichomuua mdogo wako. Na huenda mtoto wangu, angekuwa nacho, leo angekuwa na watoto wake. Sijui niiite nini damu ya namna hiyo. Sumu siwezi kuiita.

Turudi kwa mdogo wako, maana yeye ndiye shahidi pekee uliyeniletea. Umemwandikia kurasa tatu za usiku (nimezifupisha hapo juu, unisamehe) na mstari mmoja wa kopo la maziwa. Nimeusoma ule mstari mara nyingi kuliko zile kurasa. Alikuwa akisimama wapi? Waliocheza walikuwa wakina nani, aliwapa majina gani? Kijana anayekaa siku nne kitandani mifupa ikimvunja, siku ya tano anaokota kopo na kwenda uwanjani kutangaza mabao ya wenzake, huyo naye anatoa jibu.

Sisemi jioni zile zinafuta usiku. "Kwa nini ulinizaa" aliisema na alikuwa na haki ya kuisema. Ila mtu aliye ndani ya maumivu hawezi kuikumbuka jioni, na wewe uliyekuwa dada, umelala chumba cha pili ukiziba masikio, ulizishika zaidi zile saa za giza kwa sababu ndizo zilizokutisha. Muulize mama yako. Muulize yeye alijibu nini usiku ule. Hujaniandikia, nadhani hukuwahi kumuuliza.

Jambo jingine la haki: usimpime mtoto wako kwa hospitali za utoto wako. Tanzania huzaliwa takribani watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na wengi zamani walikufa kabla ya miaka mitano bila hata kupimwa. Siku hizi kipimo kinaweza kufanywa mtoto akiwa mchanga. Anapewa penisilini kila siku hadi miaka mitano, foliki asidi, kinga ya malaria, chanjo. Kuna dawa ya haidroksiyurea, iliyojaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 wa Kenya, Uganda, Kongo na Angola. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha maumivu yamepungua, damu za kuongezewa zimepungua, na vifo pia. Haiponyi. Na mara nyingine haipo kwenye duka la dawa, au ipo na bei yake inakurudisha nyumbani. Waulize wazazi walioko kliniki ya selimundu, watakuambia ukweli wa bei na wa foleni kuliko mimi.

Sasa utataka kujua ningefanya nini. Ningekuwa wewe, na nina mume kama huyo, ningezaa mmoja. Lakini ningemzaa nikiwa nimejipanga kana kwamba tayari nimeambiwa ni SS: bima imekatwa, kliniki naijua kwa jina la muuguzi, mume ameketi na mama yangu akasikiliza usiku mmoja unakuwaje, na ameahidi zamu yake ya kukanda. Kama baada ya maandalizi hayo mmoja wenu moyo unakataa, msizae, na msiombe radhi. Mtoto mgonjwa anaweza kuubeba ugonjwa wake. Kumwona mzazi akimtazama kama kosa lake mwenyewe, huo ni mzigo mwingine, na huo hauna dawa hata ya bei mbaya. Kulea mtoto wa ndugu ni jambo letu tangu zamani, na anayetaka kuasili kisheria aanzie ofisi ya ustawi wa jamii.

Mume wako "anasema niamue mimi". Najua amesema kwa upole. Lakini anakuacha peke yako na S mbili, na moja ni yake. Mrudishie nusu. Aende naye kliniki, asikilize, aseme lake kwa mdomo wake.

Na mkishaamua, vyovyote vile, wewe usiende kumweleza mama mkwe. Aende mwanawe. Amwambie mama yake kwamba wote wawili mnabeba, kwamba hesabu ya watatu kwanza si kweli, na kwamba hili limeamuliwa na watu wawili. Wewe siku hiyo nenda kwa mama yako, ukamuulize habari za lile kopo.