Maswali ya Wasomaji: Mwezi wa nne, jua limetoka, twende mlimani?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi mtu wa Tanga ila kwa sasa naishi Surrey, hapa karibu na Vancouver, Canada, mwaka wa tatu huu. Wenzangu wa kazini wamenialika jumamosi tukapande mlima upande wa Whistler, wanasema baridi imeisha kwahiyo theluji haiporomoki tena, na kweli huku chini maua yameshatoka watu wanatembea na fulana. Mke wangu hataki hata kusikia. Tumepanga kuanza kupanda saa tano asubuhi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkeo ndo yuko sahihi, na kilichonishtua mimi sio mlima wenyewe, ni hiyo saa tano.

Vilele vya Whistler vinapita mita 2,000, na ukipanda kila mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, kwahiyo nyie mkiwa na fulana huku chini, huko juu bado ni baridi na theluji ndo kwanza imejaa, maana kwenye milima hii ya pwani mara nyingi inafikia wingi wake wa mwisho katikati ya mwezi wa nne. Alafu si ile theluji kavu kama unga wanayoipata bara, hii inatoka bahari ya Pasifiki hapo hapo, nzito, na ikishalowa mita moja ya ujazo inaweza kufika kilo 400 au 500. Ikikufunika na kutulia inakaza kama saruji, huinui hata kidole.

Sasa inavyokuwa ni hivi. Usiku mbingu ikiwa wazi theluji inapoteza joto, uso unaganda, asubuhi unakanyaga kama uko sakafuni na mlima umetulia kweli. Jua likipanda maji yanaanza kupenya kati ya punje, yanalegeza kilichozishikanisha, na kufika mchana mteremko uliopita asubuhi bila shida unaachia. Upande wa mashariki unaanza, kusini unafuata, magharibi inakuja jioni. Lakini usiku ukiwa na mawingu mazito au mvua haigandi vizuri, na hapo hata hiyo asubuhi usiiamini. Kwahiyo kabla ya kutoka ulizeni kwanza huko juu usiku iliganda au haikuganda, kama haikuganda rudini mkalale.

Ikiganda, anzeni kabla hakujapambazuka, na hiyo saa tano yenu iwakute mnarudi. Mkiona mipira ya theluji inajiviringisha yenyewe kushuka, au mguu umeanza kuzama mpaka kwenye ugoko, geukeni pale pale, msibishane. Msikae kula chini ya ile theluji inayoning'inia ukingoni mwa kilele kama baraza, jua linaikata bila taarifa. Pale msituni mkikuta mstari mtupu usio na miti, hiyo ndo njia ya theluji ya kushukia, vukeni mmoja mmoja.

Someni pia taarifa ya Avalanche Canada, wale wanaotoa tahadhari za theluji kuporomoka, siku hiyo hiyo, ina ngazi 5 za hatari, na tafadhali msiione ngazi ya 3 kama katikati salama, watu wengi wanafia hapo hapo. Mkikaribia mwezi wa tano taarifa za kila siku zinasimama, theluji yenyewe haisimami.

Mwaka 1910, tarehe 1 Machi, kule Wellington jimbo la Washington, Marekani, kusini tu ya hapo ulipo, treni mbili zilikuwa zimekwama siku kadhaa kwa theluji, ikaja mvua na radi usiku, mlima ukaachia ukazisukumia bondeni, wakafa watu 96. Walikuwa wamelala ndani ya mabehewa, hakuna aliyekuwa anapanda mlima. Nikikumbuka hao naumia, ndo maana nakuwa mkali kwako.

SWALI: Mama, ni kweli ukipiga kelele theluji inaporomoka? Na mtu akifunikwa tukimbilie msaada?

JIBU: Kelele haiangushi, uzito wako ndo unaangusha, ajali nyingi huanzishwa na mhanga mwenyewe au mwenzake. Na msikimbie popote. Mtu akitolewa ndani ya dakika 10 ana nafasi kubwa ya kuishi, baada ya hapo inashuka vibaya, na helikopta haifiki kwa dakika 10. Wa kumtoa ni nyie mliobaki juu, kwahiyo kila mmoja awe na kile kiredio cha kutafutana kifuani kimewashwa, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na beleshi, na muwe mmeshafanya mazoezi navyo. Kama hao wenzako hawana, jumamosi baki nyumbani na mkeo.