Mama amelala kitini

Wiki hii mmeuliza: ni mchoraji gani aliyekufanya uitazame nyumba yako upya? Kwangu ni Wangari Mathenge, mzaliwa wa Nairobi, aliyesomea sheria kabla ya kugeukia rangi za mafuta, kisha akaenda kusomea sanaa Chicago. Watu anaowachora hawafanyi makubwa. Wamekaa tu nyumbani, na hilo linatosha.

Kilichonishika hasa ni picha alizozionyesha London mwaka 2023. Aliwaalika wafanyakazi wa nyumbani studioni kwake Nairobi, si wafue wala wapike, bali wapumzike, naye akawachora hivyo hivyo.

Mama yangu alifanya kazi katika nyumba za watu hapa Kisumu, kule Milimani, kwa miaka 19. Hata kwetu Manyatta alikaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa. Siku hizi, Jumapili akitoka kanisani, hulala kitini, leso magotini, kiatu kimoja kimemvuka. Hapo ndipo ninapomchora.

Rangi ya mafuta haina haraka, ndiyo maana naipenda. Mafuta ya kitani yaliyochanganywa ndani yake hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Hushikana na oksijeni polepole mpaka yakawa magumu. Nikipaka Jumapili, Jumanne bado naweza kulainisha kivuli cha shavu. Tabu ni wadudu wa ziwani. Ukiwasha taa wanajaa, na asubuhi nawakuta wamenasa usoni mwa mama. Nawatoa mmoja mmoja kwa ncha ya sindano.

Kilichonisumbua zaidi ni kitambaa cheupe cha kiti, alichokifuma mwenyewe. Nilikipaka cheupe, kikawa kama karatasi iliyobandikwa. Siku moja nikaacha brashi, nikakitazama tu. Upande wa ukuta kina ukijani, upande wa dirisha kina umanjano wa jua la saa tisa, na weupe wenyewe umebaki kwenye nyuzi mbili tatu. Nikakwangua yote, nikaanza tena.

Mama alipoiona picha alishtuka. "Umenichora nimelala? Watu watasema mimi mvivu!"

Nilikosa la kumjibu, maana koo lilikuwa limenikaba. Akavaa miwani, akasogea, akainama mbele ya turubai, akaanza kuhesabu mishono ya kile kitambaa.